Ufunguo Ubaki Mfukoni Mwako

Wandugu, historia ya shaba yetu tunaijua: Union Minière mwaka 1906, kutaifishwa 1967, kisha Gécamines. Historia ya kufuli tunaisahau.

Laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilikamilika 1982. Umeme unatoka mbali, na hata ndani ya kiwanda anayeuwasha mara nyingi hamuoni aliyeingiza mkono kwenye mashine. Papa yangu alitengeneza mikanda ya kubebea mawe. Wakati wao walitundika kibao tu: "Usiwashe." Siku moja kibao kilianguka, mtu akawasha, mwenzake akapoteza vidole vitatu.

Marekani iliandika kanuni yake mwaka 1989: zima, kila fundi afunge kwa kufuli lake, toa nguvu iliyobaki, kisha hakikisha mashine imekufa kweli. Hiyo nguvu iliyobaki ndiyo wengi wanairuka. Mkanda wenye mzigo mlimani unaweza kurudi nyuma hata umeme ukikatwa.

Basi ninyi mlio mainjinia leo, fundi akisema, "Shefu, bado sijafunga," msimharakishe. Msubirini.