Picha za Europa zilivyopatikana kwa taabu

Kwa zaidi ya miaka 360, Europa ilikuwa nukta tu. Galileo Galilei aliiona Januari 1610 akiwa Padova, mmojawapo wa miezi minne mikubwa inayoizunguka sayari ya Mshtarii, na darubini zilizofuata ziliongeza machache: kwamba ni ndogo kidogo kuliko mwezi wetu, kwamba inang'aa mno, kwamba imefunikwa na barafu ya maji. Chombo cha Pioneer 10 kilipopita mwaka 1973 kilileta picha yenye ukungu ambayo haikumpa mtu cha kubishania.

Mabishano yalianza 1979. Voyager 1 ilipita mbali mwezi Machi ikaonyesha mistari inayokatana juu ya uso mweupe. Julai 9, Voyager 2 ikakaribia zaidi, umbali wa kilomita 206,000 hivi. Katika picha zake bora pikseli moja ilifunika karibu kilomita mbili za barafu, lakini hata kwa ukungu huo jambo moja lilikuwa wazi: mashimo ya vimondo yalikuwa machache mno. Mwezi wetu una makovu ya mabilioni ya miaka. Ya Europa yalikuwa yamefutika, na kilichoyafuta hakikujulikana. Wazo kwamba chini ya barafu kuna bahari, inayopashwa joto na mvutano wa Mshtarii, likaanza kuchukuliwa kwa uzito.

Chombo cha kulichunguza suala hilo kilipewa jina la Galileo. Kingerushwa 1986, ila ajali ya chombo cha anga Challenger Januari mwaka huo ikasimamisha kila kitu. Kikarudishwa California kwa lori kikahifadhiwa, kisha kikapelekwa tena Florida, na kikaondoka Oktoba 18, 1989. Dishi lake kuu, lenye upana wa mita 4.8, lilikuwa limekunjwa kama mwavuli. Aprili 1991 likaamriwa lifunguke, mbavu chache zikakwama. Wahandisi wa maabara ya JPL walihitimisha kwamba kilainishi kwenye vishikizo vya mbavu huenda kilisuguliwa kikaisha katika safari zile za barabarani. Wakaligeuzia jua lipate joto, wakaliweka kivulini lipoe, wakawasha na kuzima mota zake maelfu ya mara. Wapi!

Ikabaki antena ndogo ya akiba. Dishi lilikusudiwa kutuma biti 134,000 kwa sekunde. Antena hiyo, kutoka Mshtarii, ingetuma kama biti 10. Picha ya kamera ya Galileo ilikuwa na pikseli 800 kwa 800, na kwa mwendo huo picha moja tu ingechukua karibu siku sita kufika. Watu wengi wangeandika barua ya rambirambi. JPL wao waliandika programu mpya, wakaituma hadi kwenye kompyuta ya chombo ili ibane picha kabla hazijatumwa, na huku duniani wakaunganisha antena kubwa kadhaa zisikilize kwa pamoja. Kasi ikapanda ikazidi biti 100. Picha zilirekodiwa kwenye tepu wakati chombo kinapita karibu na mwezi, kisha zikatumwa polepole kwa wiki nyingi. Oktoba 1995 tepu nayo ikakwama, na picha za Europa zilizopangwa kwa siku ya kuwasili, Desemba 7, zikafutwa ili tepu isikatike.

Ndiyo maana picha za Galileo ni viraka. Kila kipande cha uso kilipiganiwa mezani kabla ya kupigwa picha, na kilichochaguliwa kilimaanisha kingine kimeachwa. Uchaguzi mmoja ulilipa sana: eneo la Conamara, lililopigwa Februari 1997. Mabamba ya barafu yamevunjika, yakasogea, yakageuka, kisha yakaganda upya. Mengine yanaweza kurudishwa pamoja kwa kufuata mistari iliyokatika. Desemba 16 mwaka huohuo chombo kilipita kilomita 200 tu juu ya barafu, na katika picha bora pikseli moja ikawa mita 6.

Ule wekundu wa mistari tunaouona kwenye mabango umekolezwa. Kamera hupiga nyeusi na nyeupe kupitia vichujio, rangi huunganishwa baadaye. Wala picha peke yake hazikuthibitisha bahari: ushahidi mzito ulitoka kwenye kipima usumaku, kilichosimamiwa na mwanasayansi Margaret Kivelson.

Septemba 21, 2003, Galileo kilitumbukizwa ndani ya Mshtarii makusudi, kisije kikaangukia Europa na kuichafua kwa vijidudu vya duniani. Pakapita miaka 19 bila picha ya karibu, hadi chombo kingine, Juno, kilipopita kilomita 352 juu ya uso Septemba 29, 2022. Picha iliyonivutia zaidi ilipigwa na kamera iliyowekwa kwa ajili ya kuongozea chombo kwa nyota: upande wa usiku wa Europa, ukimulikwa na mwanga wa Mshtarii pekee.

Europa Clipper iliondoka Oktoba 14, 2024, itafika Aprili 2030. Dishi lake la mita 3 ni kipande kimoja, halikunjuliwi. Itapita karibu na Europa mara 49, na kamera yake inakusudiwa kuonyesha baadhi ya sehemu kwa nusu mita kwa pikseli. Watafiti waliolinganisha picha za Voyager na za Galileo hawakuona badiliko lolote katika miaka 20. Safari hii, viraka vya 1997 ndivyo vitakavyokuwa kipimo.