UZI: Familia za mitaani, ahadi za serikali na kalenda isiyofuatwa

1/ Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aahidi kuwaondoa watu wanaolala barabarani. Umati unashangilia, mkutano unaisha, na usiku huohuo kuna mama analala na watoto wake kwenye veranda ya duka. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Tuangalie historia tu: nani alipanga nini, lini, na nani alikuwa akikagua.

2/ Tuanze na mkoloni. Nairobi yake haikujengwa ili Mwafrika akae. Ilijengwa ili afanye kazi halafu arudi kwao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande kikaanza kutumika. Ukipatikana mjini huna kazi wala makao, wewe ndiwe mkosaji. Kulikuwa na sheria ya uzururaji iliyowapa polisi nguvu ya kukukamata kwa sababu hiyo tu.

3/ Uhuru ulikuja 1963, lakini sheria ile ilibaki hadi ilipofutwa 1997. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Kwa muda huo wote jibu kubwa lilikuwa msako. Kanjo na polisi wanajaza lori, na baada ya siku chache watu ni wale wale, pale pale. Ubaya wa msako ni kwamba hauna ratiba wala ripoti. Jioni umekwisha, na hakuna anayeuliza waliobebwa walifika wapi.

4/ 2003 sauti ikabadilika. Serikali iliyokuwa imeingia mwisho wa 2002 iliunda hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na vijana wakapelekwa NYS kufunzwa ufundi. Tuseme ukweli, hii ilikuwa hatua. Serikali ilizungumza juu ya kumrudisha mtu kwenye maisha, si kumfukuza mjini tu.

5/ Lakini angalia msingi wake. Hazina hiyo iliundwa kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali, si kwa sheria yake yenyewe ya Bunge. Kwa hivyo kila mwaka inasubiri igawiwe kitu kwenye bajeti. Wakubwa wakiikumbuka, inapata. Wakiwa na mambo mengine, inangoja.

6/ Na idadi ya watu je? Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ilifanywa 2018, miaka 15 baada ya hazina kuanza. Ilipata watu 46,639, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi pekee. Sasa jiulize: kabla ya hapo, bajeti ilikuwa inapangwa kwa watu wangapi? Huwezi kupika chakula cha wageni usiojua idadi yao, halafu ukasema kilitosha.

7/ Mfano wa pili ni Kibera. Mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda ulizinduliwa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000. Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki wakahamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata, familia tofauti zikigawana jiko na choo. Baadhi ya landilodi wakaenda kortini, kazi ikakwama. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016. Aliyehama na mtoto wa darasa la kwanza alirudi mtoto akiwa amemaliza la saba.

8/ Kuna wanaosema ukaguzi na kesi ndizo zinachelewesha mambo, heri serikali iende tu na tingatinga. Hilo pia lina historia. Novemba 2011, kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilibomolewa ilhali korti ilikuwa imezuia. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake Januari 2021. Haraka ya siku moja ilizaa kesi ya karibu miaka 10. Na waliobomolewa wanaongeza idadi ya wasio na makao.

9/ Katiba ya 2010 ilileta vitu viwili. Kifungu cha 43 kinasema makao ya kufaa ni haki. Halafu kuna kalenda: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi 6 kutoa ripoti, na Bunge lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Msimamizi wa Bajeti naye huripoti kila baada ya miezi 4. Sheria ipo, tarehe zipo.

10/ Shida iko kwenye utekelezaji. Mara nyingi kamati za Bunge zinajadili hesabu za miaka iliyopita kitambo. Afisa aliyetia sahihi amehamishwa, mwanakandarasi ameshalipwa. Ni kama kumwita mwizi wa kuku wakati hata mifupa imezikwa.

11/ Jambo lingine linalochanganya watu ni ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Ulianza 2023, Mahakama Kuu ikaupinga Novemba mwaka huo, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Uupende usiupende, jua kwamba nyumba hizo zimepangiwa mtu anayeweza kulipa kila mwezi. Anayelala kwenye veranda hana payslipu. Mwanasiasa akikuonyesha ghorofa kama jibu la familia za mitaani, anajibu swali lingine.

12/ Kwa hivyo akija kwenu na ahadi, mwulize haya manne. Unahesabu watu wangapi, na hesabu ni ya lini? Pesa ziko kwenye bajeti ya mwaka gani? Kazi inaanza na kuisha lini, na wakati huo watu watalala wapi? Nani atakagua, na ripoti tutaiona mwezi gani?

13/ Tumekuwa na misako, hazina, hesabu, ghorofa na Katiba. Uzinduzi haujawahi kutushinda. Kilichotushinda ni kurudi mwaka mmoja baadaye kuuliza. Weka Desemba 31 kwenye simu yako.