Amana ya Pango na Migogoro Yake Dodoma
Biashara ya vyumba vya kupanga Dodoma ilianza kupata uzito baada ya chama cha TANU kuamua, mwaka 1973, kuhamishia huko makao makuu ya serikali. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 iliwapa wapangaji mabaraza ya nyumba ya mikoa. Sheria ya 2002 ikayapeleka mashauri ya ardhi na nyumba kwenye mabaraza ya wilaya. Ile ya 1984 ikafutwa 2005.

Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma 2016, watumishi walihaha kutafuta vyumba. Kodi ya miezi sita au mwaka hulipwa mbele. Amana, yaani fedha ya dhamana ya kurudishwa mpangaji akihama, hutozwa na baadhi tu ya wenye nyumba. Ugomvi juu yake huzuka siku ya kuhama: kitasa kimelegea, koki inavuja, ukuta una matundu ya misumari, bili ya maji haijalipwa. Mikataba mingi, ya karatasi moja, haitaji hali ya chumba mpangaji alipoingia, na hapo ndipo mwenye haki hukosa ushahidi. Wengi huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye husuluhisha tu; hana mamlaka ya kuamuru fedha zirudishwe.