Kidole Gumba

Wahenga walisema tembea uone. Mimi nimetembea uzeeni, na niliyoyaona sikuyatazamia. Ndugu msomaji, naomba uniwie radhi nikianza na msiba wa nyumbani kwangu, kwa maana ndio ulionifikisha katika jambo ninalotaka kulieleza.

Mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka 74, nilisafiri peke yangu kutoka Dar es Salaam kwenda Marekani kumzika mdogo wangu. Alikuwa ameishi huko zaidi ya miaka thelathini. Katika ndugu tuliobaki nyumbani, mimi pekee nilikuwa na viza, niliyoipata mwaka uliotangulia nilipokusudia kwenda kumwona akiwa mgonjwa. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Niliondoka Alhamisi usiku. Ndege zilikuwa tatu, na kwa hesabu ya tiketi ningefika Ijumaa usiku, nilale, niamke nimsindikize.

Katika uwanja wa kwanza wa kubadilishia ndege nilivuliwa viatu, mkanda na saa, nikasimama na soksi huku nimeshika suruali isishuke. Kisha wakanitolea chupa ya asali ya nyuki wadogo niliyokuwa nimembebea shemeji yangu. Niliiweka katika mkoba wa mkononi kwa kuogopa isivunjike. Kijana aliyeikagua alinionyesha maandishi yaliyosema mililita 100, kisha akaitupa pipani.

Mimi nilifundisha historia kabla sijawa mwalimu mkuu, na mazoea ya kazi hayaishi. Nilipokuwa navaa viatu nilijikumbusha mambo hayo yalikotoka. Viatu vilianza kuvuliwa baada ya Desemba 2001, mtu mmoja alipojaribu kulipua kiatu chake ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Vinywaji vilizuiwa baada ya Agosti 2006, ilipogunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa kemikali zilizofichwa katika chupa. Na sisi tusijione tuko mbali. Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyotoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted nchini Uingereza, na huko ndiko walikosalimu amri. Wakati huo nilikuwa nafundisha kanda ya Ziwa, na tulikesha na redio. Kwa hiyo asali yangu niliisamehe.

Lililonishinda lilikuwa lile la Marekani. Msafiri akitua katika uwanja wa kwanza wa nchi ile hukaguliwa na uhamiaji hapo hapo, huchukua mizigo yake, hupita forodha, huikabidhi tena mizigo, ndipo aikimbilie ndege ya ndani. Mimi nilikuwa na saa mbili na nusu. Foleni peke yake ilikula saa moja na robo. Nilipofika kwa afisa aliniambia niweke vidole kwenye kioo. Nikaweka. Kioo kikakataa. Akasema nikandamize. Nikakandamiza. Kikakataa tena. Akanipa mafuta nipake, akavifuta kwa karatasi, akavishika kwa mkono wake mwenyewe kama mtu anayemfundisha mtoto kuumba herufi. Haikusaidia. Jembe, chaki na miaka vilikuwa vimezisugua alama zangu. Nikapelekwa katika chumba cha pembeni, nikakaa na watu wengine kama ishirini, kimya, simu zimezuiwa. Niliitwa baada ya saa mbili. Hapakuwa na kosa. Walihakikisha kwa njia nyingine, wakagonga mhuri. Ndege yangu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Katika chumba kile nilikuwa na muda wa kufikiri juu ya kidole gumba.

Nchi ile ilianza kuwachukua wageni wengi alama za vidole viwanjani Januari 2004, kwanza vidole viwili, baadaye vyote kumi. Lakini desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1858 afisa mmoja Mwingereza huko Bengal, William Herschel, alimpaka mkandarasi Mhindi wino wa kiganja na kumgandamiza kwenye mkataba, ili asije akaukana. Mwaka 1897 ikafunguliwa Calcutta ofisi ya kuwatambua wahalifu kwa alama za vidole. Waliotengeneza sehemu kubwa ya utaratibu wa kuzipanga alama hizo walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose; jina uliopewa ni la mkubwa wao, Edward Henry. Mwaka 1901 utaratibu huo ulifika London. Kumbe chombo hiki kilijaribiwa kwanza kwa watawaliwa.

Na kwetu Afrika Mashariki kilifika mapema. Jirani zetu wa Kenya walitungiwa sheria mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi awe na kipande. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri na ujira wake, na wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Harry Thuku na wenzake walikipinga, akakamatwa mwaka 1922. Baba yangu mkubwa alivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, akakivaa. Alipokuwa mzee alikuwa na tabia ya kujipapasa kifuani kila aonapo askari, ingawa kijaluba hakikuwapo tena. Sisi watoto tulimcheka. Katika chumba kile cha uwanjani nilijikuta najipapasa mfuko wa koti kutafuta pasipoti yangu, mara ya tano au ya sita.

Lakini aliyenijia zaidi moyoni ni mama mmoja wa mwaka 1970. Mwaka ule Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, na jioni tulikwenda vijijini kufundisha kusoma na kuandika. Mama huyo alikuwa mkulima wa pamba. Nilipomuuliza kwa nini amekuja darasani, alinijibu, "Mwanangu, sitaki kupakwa wino tena." Alimaanisha wino wa chama cha ushirika, alipokuwa akilipwa na kutia dole gumba mbele za watu. Alihangaika miezi kadhaa na herufi za jina lake. Siku alipotia saini kwenye daftari la malipo alikuja kuniambia njiani, kabla hajafika kwake. Wengi wa rika langu tuliingia katika ualimu kwa ajili ya siku za namna ile.

Simlaumu afisa yule. Alitenda kazi yake, tena kwa upole. Najua pia kwamba saini hughushiwa na kidole hakighushiwi kwa urahisi. Lakini saini mtu hujifunza, akaitoa kwa hiari yake. Alama ya kidole huchukuliwa. Nimetumia miaka arobaini kuwatoa watu katika dole gumba, na mwisho wa yote nimeulizwa dole gumba langu, nalo halikutosha.

Nililala kwenye viti. Nilipata ndege ya Jumamosi mchana, nikafika saa tisa alasiri. Mwana wa ndugu yangu alikuwa ameomba mazishi yasogezwe, wakamwambia ratiba ya makaburi haibadiliki. Tulipofika, kaburi lilikuwa limefukiwa na majani yametandazwa juu yake. Mdogo wangu huyu ndiye mtoto wa kwanza niliyemshika mkono kumfundisha kuandika, chini ya mwembe, kabla hata sijakwenda chuoni.

Kwa wazee wenzangu watakaosafiri nina ushauri mfupi. Ombeni muda usiopungua saa tano kati ya ndege na ndege, pakeni mikono mafuta siku kadhaa kabla ya safari, na asali iwekeni katika begi kubwa.

Nyumbani kwa marehemu walikuwa na kitabu cha waombolezaji kutia saini. Kijana alikuwa ameniachia mstari wa kwanza. Niliandika majina yangu yote matatu, polepole.