Debe la Novemba

Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto kule New York, siku ambayo dunia huadhimisha Siku ya Watoto. Mimi nilikuwa na miaka 10, nikichuma kahawa na mama katika shamba moja nje ya Ruiru. Novemba huku kwetu ni katikati ya msimu mkuu, na kahawa ikishaiva haingoji mtu.

Nilikuwa navuta tawi taratibu, nachuma nyekundu, naacha mbichi. Jioni tulimwaga chini, tukatoa majani na matunda meusi, ndipo karani akapima. Debe lisipojaa pomoni hakuandika. Jina lililoandikwa lilikuwa la mama pekee. Mikono yangu haikuwamo daftarini, na uchungu huo bado ninao.

Kenya iliridhia mkataba huo 1990. Mwaka uliofuata ikaanza Siku ya Mtoto wa Afrika, kila Juni 16, kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Nayo huangukia msimu mdogo wa kahawa, hivyo siku zote mbili za watoto zilitukuta shambani.

Sheria ya Watoto ilikuja 2001, elimu ya msingi bila karo 2003. Hiyo ya pili niliiona kwa macho yangu Thika: watoto wakubwa wakiingia darasa la kwanza, magoti yakigonga madawati.

Shamba lile sasa ni nyumba za kupangisha. Debe mama bado analo, anawekea maharagwe.