Usalama wa baiskeli chuoni

Usalama wa baiskeli chuoni ni jumla ya kanuni, vifaa na mpangilio wa njia unaowawezesha wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kikuu kuendesha baiskeli bila kujiumiza wala kuwaumiza wenzao. Mazingira ya chuo hutofautiana na barabara za mjini. Magari huwa machache, lakini waendesha baiskeli na waenda kwa miguu ni wengi, na hutoka madarasani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hatari kubwa iko mahali njia zinapokutana, hasa katika dakika chache za kubadilisha vipindi.

== Mfano wa Davis ==

Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, kinajulikana sana kwa matumizi ya baiskeli. Mji wa Davis uko katika Bonde la Kati la California, na ardhi yake ni tambarare. Katika miaka ya 1960, mkuu wa chuo Emil Mrak aliwaagiza wapangaji wa majengo waandae eneo la chuo kwa ajili ya waendesha baiskeli. Magari yalizuiwa kuingia sehemu ya katikati. Wakati huohuo wakazi wa mji, miongoni mwao Frank na Eve Child waliokuwa wameishi Uholanzi, walidai njia maalumu za baiskeli barabarani. Njia hizo zilichorwa mwaka 1967, na hutajwa kuwa za kwanza nchini Marekani.

Ndani ya chuo, njia panda nyingi zina mizunguko ya baiskeli inayofanana na ile ya magari, ambayo Tanzania huitwa kipilefti. Kwa kuwa Marekani watu hupita upande wa kulia, mwendeshaji huingia kwa kugeukia kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Anayeingia humpisha aliyekwisha kuwa ndani. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako watu hupita kushoto, mwelekeo ni kinyume chake.

Mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Septemba. Wakati huo wanafunzi wapya ambao hawajawahi kutumia mzunguko huingia pamoja na wazoefu. Anayesimama ghafla katikati, au kukata upande usio wake, huwaangusha walio nyuma yake.

== Kanuni za uendeshaji ==

* Kupita upande wa magari ya nchi husika, na kamwe si kinyume cha mwelekeo.
* Kutazama nyuma na kuonyesha ishara ya mkono kabla ya kugeuka.
* Kuwapisha waenda kwa miguu, na kupiga kengele mapema kabla ya kuwapita.
* Kutoka kwenye njia kabla ya kusimama kuzungumza au kutumia simu.
* Kuacha nafasi ya mita 1 hivi kando ya magari yaliyoegeshwa, kwa kuwa mlango unaweza kufunguliwa ghafla.

Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni sawa na mita 5 na nusu kwa sekunde. Anayetazama simu kwa sekunde 2 husafiri mita 11 bila kuona mbele. Sheria ya California inakataza kuziba masikio yote mawili kwa visikilizio wakati wa kuendesha.

== Vifaa ==

Kabla ya safari hukaguliwa upepo wa tairi, breki na mnyororo. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu uzito huhamia mbele baiskeli inapopunguza mwendo. Ikibanwa peke yake kwa ghafla inaweza kumrusha mwendeshaji juu ya usukani. Hivyo breki zote mbili hubanwa pamoja, polepole zaidi penye maji au majani yaliyolowa.

Usiku huhitajika taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma. Sheria ya California inataka taa hiyo ionekane kutoka umbali wa mita 90 hivi.

Helmeti hupunguza majeraha ya kichwa. Hukaa wima, upana wa vidole 2 juu ya nyusi, na mikanda yake hufungwa chini ya kidevu. Ikishapata pigo kubwa hubadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. California inawalazimisha kuivaa walio chini ya miaka 18 tu. Wanafunzi wengi wa chuo wamevuka umri huo, kwa hiyo lazima ya kisheria hukoma wakati wanapoanza kuendesha kila siku katika msongamano. Uamuzi wa kuivaa unabaki kwa mwendeshaji mwenyewe.

== Tazama pia ==

* Baiskeli
* Usalama barabarani
* Davis, California