Binti wa Mita 200 Amekwenda Wapi?

Kwenye kiwanja kimoja cha vumbi Temeke, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, kona ya mita 200 ni mwembe. Mwalimu amechora mstari kwa oili chafu kuanzia golini, mstari unauzunguka mti ule kwa mkunjo, kisha unanyooka hadi kwenye matofali mawili yaliyosimamishwa wima. Hapo ndipo mwisho. Umbali wenyewe ulipimwa kwa kamba ya fundi wa ujenzi, na mwalimu anakiri kwamba huenda umezidi au umepungua mita tatu. Bastola ni makofi. Saa ni simu yenye kioo kilichopasuka.

Nilifika hapo Jumamosi alfajiri kumtazama binti wa kidato cha pili ambaye niliambiwa anakimbia kama anayefukuzwa. Miguu mitupu, bukta ya kaka yake, kilemba cha kanga kimefungwa barabara. Alipoukaribia mwembe bega la kushoto likashuka na mwili wote ukaegemea ndani, kama dereva wa bodaboda anayekata kona ya Mtongani. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mizizi ya mwembe ndiyo mwalimu wake, maana usipoegemea unaikanyaga.

Nikamwuliza mwalimu, msimu huu huyu atafika wapi? Akacheka. "Dada, ungeniuliza kwanza kama msimu upo."

Uingereza swali hilo lina majibu kabla hujalimaliza. Kila mwaka hali ya hewa ikianza kupata joto, wapenzi wa riadha wa huko hukaa na majina ya mabinti wao wakibishana nani atavunja kiwango gani. Mei 2024, Phoebe Gill, mwanafunzi wa miaka 17, alikimbia mita 800 mjini Belfast kwa dakika 1:57.86. Miezi mitatu haijatimia, alikuwa Paris kwenye Olimpiki. Keely Hodgkinson alichukua fedha ya mbio hizohizo Tokyo akiwa na miaka 19, akachukua dhahabu Paris. Mabinti hawa hawakuota kama uyoga. Wamelelewa na klabu za mitaani, na kalenda ya mashindano inayojulikana tangu mwaka haujaanza.

Sisi tuna nini? Tuna historia, na historia yenyewe imefunguliwa na mwanamke.

Medali ya kwanza ya Tanzania kwenye michezo ya kimataifa haikuletwa na mkimbiaji Filbert Bayi wala na mwanamume mwingine yeyote. Ililetwa na Theresia Dismas, aliyerusha mkuki mjini Brazzaville Julai 1965, kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza, akarudi na fedha. Jina la Tanzania lilikuwa halijatimiza hata mwaka. Uwanja wa Taifa wa Temeke, huu tunaouita Uhuru leo, ulikuwa ndiyo kwanza umepita miaka mitatu na ushei tangu bendera ya Tanganyika ipandishwe humo usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Bayi mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 12 huko Karatu. Kaa kijiwe chochote Temeke Mwisho, watakutajia washambuliaji wa Simba na Yanga wa miaka thelathini. Taja Dismas uone watakavyokutazama.

Riadha ya wakati ule ilikuwa na mzizi mmoja, nao ni shule, na shule ilikuwa na mchakamchaka. Walionizidi umri na walionifuata kwa muda mrefu wanaujua: kabla ya paredi, kabla ya usafi, jua halijachomoza sawasawa, shule nzima iko barabarani kwa mstari, viranja mbele, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake, nyimbo zinaitikiwa kwa hatua. Wavulana na wasichana mstari mmoja. Sisi tulikuwa tukikimbia kuelekea Mtoni na kurudi, wengi peku, sketi zimechomekwa ndani ya bukta. Hakuna aliyeiita riadha. Ilikuwa ni asubuhi tu. Ila mwalimu wa michezo alikuwa na macho, na msichana aliyekuwa akitangulia kila siku jina lake liliandikwa kwenye daftari, mwezi wa sita ukifika akapelekwa kwenye mashindano ya kata, halafu wilaya, halafu mkoa. Mimi niliishia wilaya, mita 200. Walitakiwa watatu, nikawa wa nne. Mpaka leo nikimwona yule aliyeshika nafasi ya tatu, sasa ni bibi mwenye wajukuu na ana genge la mboga, namwambia alinikanyaga.

Mchakamchaka huo ndio uliojaza kapu la Olimpiki ya Moscow. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu. Mwaka 1980 ikawa zamu ya Marekani kususia, na Rais Carter akamtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kutafuta wa kumuunga mkono. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumwona. Kenya ilibaki nyumbani, sisi tukaenda, na ndani ya msafara huo walikuwamo Nzaeli Kyomo na Mosi Ali wa mbio fupi, na Mwinga Mwanjala wa mita 800, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuvaa jezi ya Tanzania kwenye Olimpiki.

Tunaikumbuka Moscow kwa medali mbili za fedha: ya Bayi, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo hadi leo. Lakini tazama ratiba ya mwaka ule. Mbio ndefu kuliko zote alizoruhusiwa mwanamke zilikuwa mita 1,500. Mita 5,000 kwa wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1996. Za viunzi na maji ziliingia 2008, miaka 28 baada ya Bayi. Kwa hiyo anayesema wanaume ndio waliotubeba Moscow anasema kweli, ila aongeze kwamba milango miwili waliyopitia wanaume hao ilikuwa imefungwa kwa dada zao. Mabinti walibakiwa na mbio fupi na za kati, ambako walipambana na wanawake wa Ujerumani Mashariki na Urusi, na nani alikuwa akiwaweza wale.

Hapa nina langu la kusema. Mbio fupi ndizo mbio za Pwani. Mbio ndefu zina kwao: Mbulu, Hanang, Karatu, Singida, Arusha, huko juu ambako hewa ni nyepesi na pafu linajifunza kubana matumizi tangu utotoni. Huwezi kumlea mkimbiaji wa marathoni Mbagala ukategemea amshinde aliyekulia Mbulu. Jua la saa tatu peke yake litammaliza. Lakini mita 100, 200 na 400 hazidai mlima. Zinadai misuli, joto, kiwanja na mtu wa kukutazama. Joto tunalo mpaka la kugawa.

Kilichopungua ni hayo mengine. Kiwanja cha shule kilimegwa, kikawa madarasa, na pembeni likaja duka, kisha nyumba ya mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, na ya shule za msingi ilisitishwa kwa miaka kadhaa, na iliporudi ilikuta walimu wenye macho wamestaafu. Msichana aliyezaliwa na mbio katika miaka hiyo hakuandikwa kwenye daftari lolote. Bayi, kwa heshima yake, alijenga shule, kwanza Kimara, enzi hizo ikiwa sehemu ya Kinondoni, kisha Mkuza kule Kibaha, na michezo ikawamo ndani. Lakini shule ya mtu mmoja haiwezi kuwa shule za nchi.

Na bado akatokea mtu. Helsinki, Agosti 2005, fainali ya mita 5,000 ya Mashindano ya Dunia. Wahabeshi wanne mbele, kuanzia wa kwanza hadi wa nne, wakiongozwa na Tirunesh Dibaba. Wa sita, kwa dakika 14:43.87, Zakia Mrisho wa Singida, miaka 21, rekodi ya taifa. Nafasi ya sita ya dunia! Nchi jirani wangemjengea sanamu. Sisi tulimkabidhi bendera aibebe London mwaka 2012, na kukimbia kwake huko ndiko kulikuwa mara ya mwisho kumwona mwanamke wa Tanzania ndani ya njia za uwanja wa Olimpiki. Rio 2016 alikwenda Sara Ramadhani, marathoni. Tokyo alikwenda Failuna Matanga, marathoni. Paris 2024 walikwenda Magdalena Shauri na Jackline Sakilu, marathoni wote wawili. Olimpiki tatu mfululizo, kila mwanariadha wa kike tuliyempeleka alikuwa wa barabarani.

Siwalaumu. Barabara inalipa. Banuelia Mrashani alishinda marathoni ya wanawake ya Tokyo mwaka 2002 kwa saa 2:24:59. Septemba 2023, siku Tigist Assefa alipovunja rekodi ya dunia Berlin, Shauri alimaliza wa tatu kwa 2:18:41. Msichana wa Arusha mwenye akili zake timamu anaona hayo, anaona na uwanja usio na zawadi, anajua pa kwenda. Hata kule Kinondoni kukimbia siku hizi maana yake ni Jumapili ya marathoni: fulana za rangi moja, namba kifuani, kilomita tano na picha, halafu supu. Ni jambo zuri kwa afya zetu, mimi mwenyewe ninazo fulana sita. Ila katika umati huo sijawahi kuona mtu akimpima binti mita 200.

Novemba 2017 palitokea kitu tofauti. Baraza la Michezo la Taifa na JICA, shirika la misaada la Japani, waliandaa mashindano ya riadha ya wanawake pekee, wakayaita Ladies First, wakayaweka kwenye Uwanja wa Taifa mpya, ambao sasa ndio Benjamin Mkapa, hapa Temeke. Balozi wa jambo hilo alikuwa Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni ambaye Wajapani wanamjua tangu alipotamba Tokyo na Fukuoka miaka ya themanini. Wasichana walitoka mikoani, Bara na Visiwani, wakakimbia kwenye njia zilezile zinazozunguka majani ya Simba na Yanga. Kulikuwa na mita 100, 200, kijiti na mkuki, miaka 52 baada ya mkuki wa Brazzaville. Uwanja huo una viti 60,000. Havikujaa, lakini kuna wasichana waliokanyaga tartani siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mwalimu wangu wa mwembe anasema hapo ndipo naye alipopata wazo la kuanza kukusanya mabinti wa mtaa.

Sasa turudi kwenye swali lake, kama msimu upo. Wa 2026 upo, na umejipanga kwa namna ya ajabu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, na nchi nzima ikaangalia barabara. Lakini Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, Julai 23 hadi Agosti 2, imepunguzwa, na marathoni haimo. Kilichorudishwa ni mbio za maili moja badala ya mita 1,500. Maili! Ile ambayo Bayi aliivunjia rekodi ya dunia Kingston mwaka 1975. Agosti kuna Mashindano ya Dunia ya vijana chini ya miaka 20 huko Eugene, Marekani. Halafu Oktoba 31 hadi Novemba 13, Dakar inapokea Olimpiki ya Vijana, ya kwanza kufanyika Afrika, kwa wasiozidi miaka 17. Huko nako hakuna marathoni. Nchi iliyoweka mayai yote kwenye lami inaambiwa ije na watu wa uwanjani.

Je, tunao? Wa kati na ndefu, ndiyo, milima haijaacha kuzaa. Wa mbio fupi, matumaini yangu ni madogo kwa msimu huu, na sitaki kumdanganya msomaji. Mkimbiaji wa mita 200 hutengenezwa kwa miaka minne au mitano, kwa vibao vya kuanzia mbio, na saa isiyodanganya. Jeshi, Polisi na Magereza ndio waajiri wa wanariadha wetu, na humchukua mtu akishaonekana. Wa kumwonyesha mtoto wa kidato cha pili ndiye mgumu kupatikana.

Jua lilikuwa limeshapanda. Binti alikimbia mara ya nne, mara hii akiwa na raba za kuazima zilizomzidi saizi moja, karatasi imejazwa vidoleni. Akapita kwenye matofali, akainama, mikono magotini, jasho likidondokea oili. Mwalimu akaisogeza simu karibu na macho kuukwepa ule ufa wa kioo.

"Ishirini na saba na nusu," akasema. "Pamoja na mwembe."

Binti akavua raba, akazirudisha kwenye mfuko mbadala wa mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu. Kisha akageuka.

"Mwalimu, na bila mwembe?"